Waya wa Ndani ni wa Nani?

Saa kumi jioni redio ilikuwa inipigie simu. Mkuu wa vipindi, yule mama ambaye sauti yake nimeiiga mbele ya kioo tangu nina mapengo, alitaka kunisikia nikitangaza. Nikimridhisha, kazi ni yangu. Alinionya mapema: nimpe namba ya simu ya mezani, kwa sababu ya mkononi hukatakata sauti, na yeye hampimi mtu kwa vipande. Nisipopokea, anampigia anayefuata, na waliokuwa wanafuata walikuwa wengi kama utitiri.

Baada ya chakula cha mchana nikainua simu niijaribu. Kimya! Nikagonga, nikapuliza, nikaitukana. Kimya kilekile.

"Mama! Simu imekufa!"

Mama akaacha vyombo na mapovu yake, akawapigia kampuni ya simu kwa simu yake ya mkononi. Alivyowalilia, ungedhani tuna msiba. Saa kumi ikikaribia fundi wao akafika na pikipiki, akafungua kisanduku kwenye ukuta wa nje, akapima na kutabasamu.

"Dada, laini yenu nzima. Sikiliza."

Nikasikia mlio. Nilitaka kumkumbatia palepale.

"Basi ingia ndani umalizie, kaka yangu."

"Ndani siingii. Waya ukifika kwenye kisanduku hiki ni wetu. Ukishavuka ukuta ni wa mwenye nyumba."

Mwenye nyumba anaishi mlango wa pili. Tunamwita Mzee Kuta, lakini si mbele yake, kwa sababu kila kitu kikiharibika husema yeye alipangisha kuta tu. Alikuja na kandambili zake, ameshakasirika kabla hajaambiwa kitu.

"Kijana, mimi nimepangisha kuta. Simu ni ya kampuni, waya ni wa kampuni."

"Mzee wangu, nyumba ni ya nani?"

"Yangu!"

"Na waya umo ndani ya nini?"

"Usinihoji mimi, hapa si mahakamani!"

Wapiganapo tembo wawili ziumiazo nyasi, na nyasi nilikuwa mimi, nimevaa gauni la kutokea kwa ajili ya simu. Mama akamshika Mzee Kuta mkono akamvuta ndani, akauone huo waya kwa macho yake. Hapo ndipo nikapata akili.

"Fundi, hapa kwenye kisanduku ni kwenu?"

"Kwetu."

"Basi niunganishie hapahapa!"

Nilikimbia ndani, nikachomoa simu mezani, nikarudi mbio. Fundi akautoa waya wa ndani, akaweka wa simu yangu. Hajamaliza kukaza skrubu, ikaita. Moyo ulinipasuka kwa furaha!

"Nasikia kelele," alisema mkuu wa vipindi. "Uko wapi?"

"Nje, mama. Nimesimama ukutani." Nilitamani ardhi inimeze. "Kuna ugomvi kidogo."

"Habari uliyoiandaa weka pembeni. Nitangazie huo ugomvi."

Nikavuta pumzi.

"Wasikilizaji, nipo nje ya nyumba moja ambako swali moja limewatoa watu jasho: waya wa simu wa ndani ni wa nani? Kampuni inasema si wake. Mwenye nyumba anasema yeye ana kuta tu. Mpangaji, kama mnavyomsikia, anatumia laini akiwa amesimama juani..."

Maneno yalikuwa yanakuja yenyewe, matamu, na fundi alikuwa ameacha kazi ananisikiliza. Ghafla Mzee Kuta akatoa kichwa dirishani.

"Kabati! Nani kaweka kabati juu ya waya? Mguu wake umeukata!"

Jana mimi na mama tulilisukuma kabati la nguo mpaka sebuleni, likae karibu na simu, eti sauti yangu isitoe mwangwi. Tulisukuma huku tunacheka, na tulipomaliza tukapongezana.

Mkuu wa vipindi alikuwa anangoja. Hakuwa ananiona. Ningeweza kurukia hali ya hewa, asijue kitu. Lakini mtangazaji gani huyo, anayeficha habari kwa kuwa inamhusu?

"Wasikilizaji, habari zilizotufikia hivi punde: aliyeukata waya ni mtangazaji wenu mwenyewe, akishirikiana na mama yake mzazi. Hivyo suala la nani atautengeneza limepata jibu."

Nikafumba macho. Kisha mkuu wa vipindi akacheka, akacheka mpaka akakohoa.

"Jumatatu asubuhi njoo studio," alisema. "Usichelewe. Na samani zetu usiziguse."

Nilipiga vigelegele mpaka Mzee Kuta, aliyekuwa ameshinda kesi, akasahau kujisifu.