Kanga ya Kamati

Kuchora kanga hakukuwa shida. Penseli nilikuwa nayo, na masomo ya uchoraji nilifaulu vizuri. Shida ilikuwa Kamati ya Michoro. Mwaka ule wa 1975, katika kiwanda chetu kikubwa cha nguo pale Mwanza, hakuna kilichoamuliwa na mtu mmoja, na mimi, Kemilembe binti Mutayoba, nilikuwa mtu mmoja.

Mchoro wangu wa kwanza, wenye vikapu, waliukataa. Wa pili ulikuwa wa korongo. Wakasema ndege yule ana sura ya kibepari. Mpaka leo sijui ndege anaipataje sura hiyo. Ndipo meneja, Ndugu Luhaga, mtu mpole asiyependa kugombana hata na nzi, akaniita ofisini.

"Binti, huu wa tatu ukikwama, utahamia chumba cha kufungia robota za nguo. Si mimi, ni taratibu."

Nilitoka na hasira mpaka masikio yakawaka moto. Baba kule Bukoba alikuwa ameshalitangazia kanisa zima kwamba bintiye anachora nguo za taifa. Sasa nikamwambie nafunga kamba?

Nikachora sato wawili wakifukuzana katikati ya kanga, na mawimbi pindoni. Nilijua ni kazi nzuri. Kamati ikakaa.

"Sato ni wazuri," alisema Privatus, mjumbe wa vijana, "lakini wanajenga nini? Ongeza jembe."

Nikaongeza jembe. Antoni, mjumbe wa wafanyakazi, akaona kiwanda kimesahauliwa, akataka gurudumu lenye meno. Nikawasogeza sato. Mwisho Ndugu Rutashobya, katibu wa tawi la Chama, akajikohoza.

"Katikati uwekwe Mwenge wa Uhuru. Mkubwa, uonekane toka mbali."

"Lakini ndugu katibu," nikasema, "pale katikati ya kanga..."

"Ndiyo. Katikati, mahali pa heshima."

Ndugu Luhaga akanitazama kwa huruma, nikafunga mdomo. Mikono yote ikapanda. Mwanamke pekee katika kamati, Mama Kija wa idara ya kufuma, alikuwa Nansio msibani. Waliobaki walikuwa wanaume watupu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujifunga kanga maishani mwake. Sato wangu wakafutwa.

Sampuli ilipotoka mashineni, Mama Kija alikuwa amerudi. Wenzake waliibandika ubaoni, wakaisifu. Yeye akaibandua.

"Kanga haivaliwi na ubao," alisema. Akajifunga juu ya gauni lake, akageuka, akatembea taratibu hadi dirishani kama mtu anayekwenda sokoni.

Mama Kija alijaliwa. Mwenge ulikaa pale pale anapokalia, na kwa kila hatua miali ilicheza kulia na kushoto. Antoni akapaliwa na chai. Privatus akainama chini ya meza kutafuta kitu ambacho hakikudondoka.

"Nani amechora hii?" Rutashobya aliuliza, sauti imekauka.

Macho yote yakanigeukia. Niliogopa, sitaki kusema uongo. Hazikuwa siku za kuufanyia Mwenge masihara, na ghafla chumba cha robota kikaonekana pahali pazuri sana pa kuishi.

"Amechora alichoambiwa," Mama Kija akajibu kabla yangu. "Au mikono niliyosikia ilipanda ilikuwa ya nani?"

Wajumbe wakaitazama meza.

"Basi Mwenge uondolewe haraka," Rutashobya akasema. "Katikati liwekwe jembe."

"Jembe la mkulima likaliwe?" Privatus akaibuka kutoka chini ya meza. "Weka gurudumu."

"Mfanyakazi hakaliwi, ndugu yangu!" Antoni akafoka.

Wakabishana hivyo, kila mmoja akikiokoa cha kwake, mpaka kwenye mchoro pakabaki pindo peke yake. Ndugu Luhaga akafuta jasho.

"Mchoraji aamue mwenyewe," akasema.

Nilikuwa nimeyasubiri maneno hayo tangu niajiriwe. Furaha ikanipanda, nikashika penseli, na sato walikuwa tayari vidoleni. Kisha nikamwona Mama Kija, bado amejifunga ile sampuli, akilainisha upindo kwa kiganja.

"Mama," nikamwuliza, "wewe ungependa nini hapo?"

"Hapo kwangu?" Alicheka, halafu akaitazama kanga ile upya. Kanga zote za kiwanda kile zilianzia kwenye mitambo ya idara yake. "Maua," akasema. "Makubwa, mekundu. Maua ya bure tu, yasiyojenga kitu."

Rutashobya akafungua mdomo. Mama Kija akamtazama, naye akaufunga.

Nikayachora pale pale mbele ya kamati nzima, moja baada ya jingine, na hakuna aliyeomba kuongeza kitu.