Mafuta ya Mkiani

Fundi wa mabango aliposikia maneno aliyotakiwa kuandika, aliirudisha brashi koponi.

"'Cherehani ya Mkiani'? Dada, nikuandikie tusi mlangoni kwako?"

Mteja wake, mshonaji mnene mwenye tepu ya kupimia shingoni, alimkazia macho. "Tusi liko wapi? Kwetu ni Mkiani."

Fundi alikuwa mtu wa Kichwani, upande wa juu wa nchi, na alitembea nalo jina hilo kifua mbele. Kwao, Mkiani ni kwa watu waliochelewa kuamka dunia ilipogawa vyake. Ndivyo alivyomfyatulia mkewe jana, chai ilipokawia: "Nyinyi wa Mkiani ndivyo mlivyo." Tangu hapo mkewe amenuna, anaongea na masufuria tu.

"Hebu nieleze," fundi alisema. "Kwa nini Mkiani?"

"Umewahi kuchinja kondoo?"

"Mara nyingi tu."

"Mafuta yake yako wapi?"

"Mkiani."

"Haya. Andika, tena herufi ziwe nene."

Akaandika. Jioni alirudi nyumbani mbiombio, kama mtu aliyeokota kitu. Mkewe alikuwa akipeta mchele.

"Mama watoto, kumbe Mkiani ni jina la sifa. Ni kwa ajili ya mafuta ya kondoo."

Mkewe hakuinua uso. "Nani kakwambia?"

"Mshonaji mmoja wa kwenu."

"Yeye kataja kwao. Wewe jana uliponiita, kulikuwa na kondoo humo kichwani mwako?"

Angeweza kubisha; ubishi ndiyo kazi yake ya pili. Lakini jibu alilijua.

"Hakukuwa na kondoo. Kulikuwa na hasira ya chai. Nisamehe."

Ungo ukatulia. Sasa fundi, ambaye swali likimwasha lazima alikune, akashindwa kujizuia. "Na sisi, huko kwenu mnatuitaje?"

"Kichwani, hivyohivyo."

Fundi akatabasamu. "Kwa sababu ya akili."

"Kwa sababu ya kondoo huyohuyo. Kichwa chake ni mifupa mitupu, na ulimi."

Mke alicheka mpaka mchele ukamwagika, kisha akamsogezea kigoda.

"Kaa, baba watoto. Okota."