Samli Kwenye Mboga za Rosebella

Daktari Osiako hakumkataza Rosebella ugali. Nilimpenda kwa hilo. Alimuuliza kwanza anaamka saa ngapi, anafanya kazi gani shambani, nyumbani tunakula nini, ndipo akampangia utaratibu wa kwake peke yake: ugali wa ukubwa wa ngumi, mboga za kienyeji mpaka ashibe, na kutembea jioni. Uzito ukipungua, angempasua ngiri iliyomtoka kitovuni alipojifungua mara ya mwisho. Usipopungua, upasuaji ungengoja na yeye angebaki na maumivu yake.

Rosebella ni mke wa mwanangu Titus, ambaye anafanya kazi Eldoret. Mimi ndiye ninayepika, maana yeye amekatazwa kuinua sufuria nzito.

Alifuata utaratibu vizuri hadi nguo zikaanza kumpwaya. Hapo ndipo Maximilla, jirani yangu, aliponisimamisha nje ya kanisa letu hapa Navakholo.

"Mama Titus, kwani huyu mtoto wa watu unamnyima chakula? Mashavu yameenda wapi?"

"Ni daktari," nikasema.

"Daktari ndiye anapikanga kwako?"

Wanawake wakacheka. Mimi sikucheka. Kwetu mke wa mwana akikonda, watu hawamuulizi daktari. Wanamtazama mama mkwe.

Basi nikaanza kutia samli kwenye saga zake, zile mboga za kienyeji alizoambiwa ale. Saga ni chungu, na tangu zamani tunazilaza na maziwa na samli, kwa hiyo nikajiambia mboga ni mboga. Lakini nilijua ninachofanya, maana nilikuwa nikiitia akiwa ametoka kutembea. Akirudi anakula, analamba vidole. "Mama, wewe unajua kupika." Mungu anisamehe, nilifurahi.

Tulipofika kliniki mjini Kakamega, mizani ilionyesha uzito umepanda tena. Daktari akaweka kalamu chini.

"Rosebella, sikugombezi. Lakini niambie ukweli. Unakula pembeni?"

"Hapana, Daktari."

"Hata chapati kidogo? Soda?"

Akatazama sakafu. "Labda sijatembea vya kutosha."

Alikuwa ametembea kila jioni, hata kwenye matope. Ningenyamaza tu, lawama ingekuwa yake, na nilitamani sana kunyamaza.

"Ni mimi," nikasema. "Natia samli kwenye mboga. Nyingi. Yeye hajui. Watu wanasema namnyima chakula."

Rosebella akanigeukia. "Mama?"

Daktari hakupaza sauti, akaniita bibi kwa Kiluhya. "Asante kwa kusema, Kukhu. Lakini mwezi huu siwezi kumpasua." Akaniuliza ninavyopika hatua kwa hatua, akabadilisha utaratibu pale pale: maziwa kidogo yabaki, samli itoke.

Rosebella alitangulia mbele yangu hadi langoni. Nikasema nimwitie boda hadi stendi.

"Nitatembea."

"Una haki ya kukasirika, mwanangu."

"Nimekasirika, Mama. Nimekasirika sana. Ungeniambia tu watu wanakusema."

Akakohoa, akainama akishika tumbo. Nikasimama kando nikimngoja. Maumivu yalipopoa akanyooka, akatazama magari huku na huku. Kisha akanishika mkono, akanivusha barabara polepole, kwa mwendo wangu.

Afadhali angenitukana.