Ukuta wa Masizi

Shangazi alikuwa anakusanya vikombe sebuleni pale ukuta wa mawe ulipomtemea mdogo wake mate usoni. Lilikuwa tone zito lenye povu, likampata chini ya jicho. Mdogo wake alijifuta kwa leso, akaendelea kuwaeleza wageni habari za madirisha yake ya vioo.

Mawe yale yalitoka jikoni kwa marehemu mama yao. Shangazi ndiye aliyemuuguza mama, kumgeuza kitandani, kumlisha uji, huku mdogo wake, bwana mkubwa huyu, akituma salamu tu. Mama alipozikwa, akaja na msanifu na maneno matamu: tunabomoa, tunajenga ya kisasa, mawe tunayarudisha sebuleni, na chumba chako, dada, hiki hapa kwenye ramani. Shangazi akakubali. Msanifu akakataza mawe yasioshwe. Masizi, alisema, hupendeza yakikaa na kioo. Nyumba ilipokwisha, kile chumba kikawa cha mazoezi, naye Shangazi akapewa stoo, alale na makopo ya rangi. Inatia kinyaa, basi tu.

Ukuta wenyewe haukuwa na makuu. Wageni wakiusifia, kimya. Mwenye nyumba akitamka "nyumba ya familia", unatema. Msanifu aliitwa, akayagusa mate, akanusa vidole, akasema mawe ya zamani ndivyo yalivyo, yawekewe kioo mbele.

"Dada, zungumza na mama," mdogo wake aliomba. "Wewe alikuwa anakusikiliza."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie hii ni nyumba ya familia, asi..."

Puu! Safari hii mdomoni.

"Nipe chumba changu," Shangazi alisema. "Ataacha."

Alimtazama dada yake, aliyemlea kwa kumbeba mgongoni, kisha akatupa jicho kule kwenye mashine zake za mazoezi.

"Kioo ni rahisi zaidi," alisema.

Kikawekwa, kutoka sakafuni mpaka darini, na vitaa chini yake. Sasa mate huteremka taratibu yakimetameta, na wageni husimama na glasi zao mkononi: lo, ukuta wa maji! Nani kakujengea? Wawili wameshamwagiza msanifu awajengee wa kwao, naye kawauliza swali moja tu, nyumba za mama zao ziko wapi.

Wageni wakiondoka, Shangazi huitwa aje na kitambaa chake kupangusa alama za vidole vyao. Kabla hajarudi stoo hutema na ya kwake, palepale kwenye kioo. Kisha huyafuta na hayo.