Sindano na Tumbo Tupu

Tangu Matano aanze kuchoma insulini, dawa ya kisukari kilichokuwa kimemkondesha, mwili ulimrudi upesi. Mashavu yakajaa, tumbo likawa linagusa usukani wa lori lake, na wapagazi wa sokoni Karatu wakapata la kumtania. Daktari naye alimwambia apunguze uzito, ila taratibu, na asiguse mlo wala dawa bila kumwona kwanza. Matano alilishika neno moja tu: kupunguza.

Asubuhi moja ya mwaka 1964 mkewe, Kuluthumu, alipanda naye kupeleka sukari na unga Wasso. Hakujua kwamba mumewe amechoma sindano yake yote kama kawaida, kisha viazi vya chai akawatupia kuku.

Walipolipita lango la Ngorongoro, ukungu ulikuwa umeushika msitu. Barabara ilipanda kwa kona, upande mmoja korongo tupu. Kuluthumu akaona shati la mumewe limelowa jasho, na baridi yote ile.

"Baba Hasani, umekula?"

"Nimekula. Niache niendeshe."

Ulimi wake ulikuwa mzito. Kona iliyofuata aliikata kwa kuchelewa, gurudumu likavuruga kokoto za ukingoni. Kuluthumu alipomsihi asimame, akamfokea na kuongeza mwendo. Matano hakuwa mtu wa kufoka. Mkewe akakumbuka onyo la daktari, kwamba sindano bila chakula huishusha sukari ya damu hata mtu akapotewa na akili, akaona kubishana naye ni kujiua.

"Kichefuchefu kimenishika," alisema, mkono mdomoni. "Nitatapika humu humu."

Hapo Matano akakanyaga breki. Kuluthumu akachomoa ufunguo, akakimbilia nyuma, akalitoboa gunia la sukari. Aliporudi, mumewe alikuwa anatetemeka, macho wazi lakini hayamwoni. Akamtia sukari mdomoni kidogo kidogo, akimbembeleza ameze. Kwa kitambo Matano alimtazama kama asiyemjua.

Kisha akauliza, "Mbona tumesimama?"

Kuluthumu akafungua chapati za safari, akamwekea mapajani.

"Nilitaka mwili wangu wa zamani," Matano alisema baadaye.

"Mwili ule ulikuwa unakufa, Baba Hasani. Nilishaanza kukulilia."

Matano akachukua chapati ya pili.

Alipopata nguvu, waligeuza lori wakarudi kwa daktari. Daktari alimpunguzia dawa kwanza, ndipo akampunguzia chakula, bila kumwachisha mlo hata mmoja. Uzito ulishuka polepole mno, na kuna siku Matano alinuna. Lakini alikula, na Kuluthumu aliendelea kupanda naye safari za mlimani.