Uamuzi wa Watu Ishirini

Waziri wa Afya alizungumza mpaka koo likamkauka. Waraka uliokuwa mezani ulitaka mashine nne za kusafisha figo ziondolewe katika mji mdogo wa milimani, zipelekwe hospitali kuu. Mashine mojawapo ilimweka hai kaka yake wa tumbo moja, fundi cherehani aliyemsomesha kwa kushona sare za watoto wa wenzake, na ambaye mpaka leo humwita Kitinda, jina la utotoni, hata mbele ya walinzi. Hilo alilisema mwanzoni kabisa, mtu asije akadai kaficha. Kisha akataja wagonjwa wengine thelathini na mmoja, na saa tisa za barabara mbovu.

Waziri wa Fedha, aliyemwahidi kwenye korido kwamba atamuunga mkono, aliichunguza kofia ya kalamu yake utadhani kaiokota leo. Waheshimiwa wengine nao walishikwa na kiu ya ghafla, kila mmoja akajimiminia maji. Katika Baraza la Mawaziri, lenye watu ishirini, hapapigwi kura. Rais husikiliza, hutazama kushoto na kulia, halafu hujumlisha, na walionyamaza huhesabiwa kuwa wamekubali.

"Baraza limeridhia," Rais alisema kwa upole. "Utatangaza wewe, Mheshimiwa. Saa nane."

Mlangoni Waziri wa Afya alimuuliza Katibu wa Baraza itakuwaje akijiuzulu. Katibu, mtu mpole aliyezika mawaziri wengi kisiasa, alimwambia mlango uko wazi, ila akumbuke jambo moja.

"Ukiondoka, mama, yaliyosemwa humu unayaacha humu. Kiapo cha siri ni cha maisha."

Aliwaza barua ya kujiuzulu, akawaza pia gari la wagonjwa alilokuwa akilipigania kwa ajili ya mji ule. Akiondoka, nani atalikumbuka? Akameza machungu yake, akaenda kunawa uso.

Saa nane alisimama mbele ya kamera, akasoma kwamba Serikali imeamua, kwa manufaa ya wananchi. Sauti haikumtetemeka hata kidogo, na kwa hilo alijichukia.

Simu iliita kabla hajafika kwenye gari. Alikuwa kaka yake, na nyuma ya sauti yake mashine ilisikika ikinguruma.

"Tumekuona kwenye runinga," alisema. "Wenzangu hapa wananitazama mimi. Nataka neno moja tu, Kitinda. Ulitutetea?"

Waziri alifumbua mdomo. Yote yalikuwa kwenye ncha ya ulimi: dakika zile zote, kalamu ile, ukimya ule. Mlinzi alikuwa ameshika mlango wa gari, akingoja.

"Uamuzi ni wa Baraza zima, kaka."

"Sijakuuliza la Baraza."

Mashine iliendelea kunguruma, na muuguzi mmoja akasikika akimwambia mgonjwa asikunje mkono.

"Haya, Mheshimiwa," kaka yake alisema, akakata simu.

Waziri alikuwa na miaka arobaini na tisa, na kaka yake hakuwa amewahi kumwita hivyo.