Mama Rudisha Apewa Kazi

Fundi alipotangaza kwamba amemwajiri Mama Rudisha, wifi yake alidondosha mkasi.

"Nani? Huyu huyu wa kila wiki?"

"Huyo huyo."

Loh! Na wifi alikuwa na haki ya kushtuka. Mama Rudisha hakupewa jina hilo kwa kupendwa. Hakuna nguo aliyoshonewa pale asiirudishe: mara kwapa linabana, mara akikaa sketi inapanda, mara kola inamkaba. Wifi akimwona tu anavuka barabara na mfuko wake, alijitia hamnazo, anainamia cherehani hata kama haina uzi. Leo mtu huyo anavutiwa kiti ndani ya duka, tena karibu na meza ya kukatia!

"Mteja ni mteja, wifi," alimwambia Fundi. "Ukimwingiza ndani atajua mambo yetu yote. Na siku akikuudhi, utamfukuza vipi? Mtaa mzima si utaondoka naye?"

"Na asipoingia, nani ataniambia ukweli? Wewe?"

Wifi akanuna. Duka walilifungua wawili, Fundi anapima, wifi anakata, na kwa muda sasa wateja walikuwa wakipungua bila sababu kujulikana. Jambo hilo lilimkosesha Fundi usingizi. Mtu anachukua nguo yake, anasema asante, imependeza, kisha humwoni tena. Ni Mama Rudisha peke yake aliyekuwa anakuja kugomba, na Fundi alishaanza kumpenda kwa hilo.

Kazi aliyopewa ilikuwa moja: nguo isitoke dukani kabla mwenyewe hajaivaa na kusumbuliwa kidogo. Maana mafundi wale walimpima mtu amesimama wima, mikono chini, kidevu juu, kama anapigwa picha ya kitambulisho. Jamani, nani anaishi hivyo? Mama Rudisha akawa anaamrisha: kaa. Inama. Beba hicho kitambaa kama unabeba mtoto. Watu walicheka, lakini waliinama.

Mpaka alipokuja Mwalimu wa kwaya.

Huyu ndiye aliyekuwa tegemeo la duka. Kwaya nzima ilileta kitambaa chake cha zambarau, na sasa magauni yalikuwa tayari, yamepigwa pasi, yananing'inia ukutani. Akiridhika yeye, kwaya nyingine zitakuja. Asiporidhika, kwa hali ilivyokuwa, mlango utafungwa. Alivaa la kwake, akajigeuza mbele ya kioo, akatabasamu.

"Hapo hapo," alisema Mama Rudisha. "Sasa inua mikono kama unawaongoza wanakwaya."

"Nimekuja kuchukua nguo, sikuja kufanya mazoezi."

"Inua tu, mwalimu. Haiumi."

Akainua kwa hasira. Chwaaa! Kwapa la kulia likaachia hadi ubavuni. Kwenye benchi la kusubiria watu waliziba midomo. Mwalimu alishusha mkono upesi, lakini nani hakuona?

"Huyu mama amenidhalilisha makusudi!" alifoka. "Juzi tu alikuwa anasubiri hapo kwenye benchi pamoja na sisi, leo anatupa amri? Fundi, chagua. Mwondoe sasa hivi, nimwone kwa macho yangu anatoka, na magauni mtayarekebisha. La sivyo kwaya yangu inahamia kwa yule fundi wa ng'ambo ya barabara."

Wifi alimvuta Fundi pembeni. "Mwache aende, wifi, nakuomba. Watoto wetu wanakula hapa."

Mama Rudisha mwenyewe alishaanza kuivua futi ya kupimia shingoni. "Msigombane kwa ajili yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Nitakuwa mteja tu. Nimezoea."

Hofu Fundi alikuwa nayo, tena ya kutosha. Lakini hasira ilimzidi. Eti mtu afukuzwe kwa kusema kweli, na kwapa lenyewe liko wazi mbele ya macho ya watu! Thubutu!

"Vaa hiyo futi," alimwambia. Kisha akamgeukia Mwalimu. "Mimi ndiye niliyekupima umesimama kama mlingoti wa bendera, nikasahau kwamba wewe kazi yako ni mikono. Kosa ni langu, na nakuomba radhi. Ila huyu habanduki hapa. Bila yeye, hilo kwapa lingepasukia jukwaani."

"Basi nakwenda ng'ambo!"

"Nenda, mwalimu. Na akishakushonea, kabla hujatoka dukani kwake, inua mikono."

Mwalimu aliingia nyuma ya pazia, akabadili nguo, akalitupa gauni sakafuni na kutoka bila kuaga. Waliokuwa kwenye benchi nao wakakumbuka wana shughuli.

"Umetuponza," alisema wifi, machozi yakimlengalenga.

"Huenda." Fundi aliokota gauni, akayashusha na mengine yote ukutani, akayarundika mezani. Akatoa nyembe.

"Unafumua ya nini na wenyewe wameondoka?"

"Kitambaa ni chao, watakuja kukidai. Wakija, wakute nguo za kuimbia, sio za kupigia picha." Akawasogezea viti wote wawili. "Haya, kaeni. Tunaanza na makwapa."